Kidonge cha Kupimia Hewa

Mwanangu, siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Ilikuwa enzi za Waingereza, miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, mtu wa kukaa ndani, hodari wa ulimi tu. Nilifanya kazi karakana ya vipimo vya ndege.

Tulikuwa na chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa. Ndani yake mlikuwa na kidonge cha radiamu, madini yenye miale inayounguza mwili, kidogo kama kifungo cha shati. Miale yake huifanya hewa ipitishe umeme. Hewa ikipungua, umeme nao hupungua. Ndivyo tulivyohakiki vipimo vinavyomwambia rubani yuko juu kiasi gani. Bwana mkubwa hakukigusa ila kwa koleo, na kasha lake lilikuwa la madini ya risasi. Chombo kilipoharibika, akaniagiza kidonge nikakifungie humo. Nikakitia mfukoni. Nilitaka sifa, basi.

Nikampelekea rafiki yangu Salimu, fundi saa wa Kariakoo, mgonjwa wa pumu.

"Nini tena hiki, mzee wa uongo?"

"Kinapima hewa. Kivae kifuani, pumzi itanyooka."

"We! Kweli?"

"Ndege zinaruka kwa hiki, sembuse wewe!"

Tukacheka, nikamwachia. Kumbe mwenzangu aliamini. Kesho yake alikishonea ngozi, akakivaa kama hirizi. Nilimwona nacho, nikanyamaza. Ningesema, ingejulikana nimeiba, na kazi ingeota mbawa. Wiki ya tatu kifua kikawa chekundu kama kimepigwa pasi, kisha kikachimbika. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga; mimi niliuona kwa macho. Daktari akauliza, "Alivaa nini hapa?" Nikatazama viatu vyangu. Hirizi nikairudisha kwenye kasha, kimya kimya.

Donda halikupona. Mwaka uliofuata tukamzika.

Ndipo nikaenda kukiri kwa mama yake, Bi Zuhura. Alinisikiliza huku akikunja kanzu ya marehemu.

"Mzaha wako nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Kunyamaza kwako, hapana."

Aliingia kaburini hajabadili neno. Na kazi ile niliyoilinda? Nilistaafu nayo, mwanangu, na barua ya pongezi juu.

Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata ufukuzwe, hata uchekwe mtaa mzima. Aibu huisha, maiti harudi. Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kukiri, na akuepushe na ukimya kama wangu. Amina.