Bibi wa Redioni Alikuwa Mama Yangu

Juzi televisheni ilipomtangaza mchekeshaji mmoja kuwa kipenzi cha watazamaji, wajukuu zangu waliruka mpaka wakamwaga bakuli la mlenda. Mmoja akanigeukia: "Bibi, enzi zenu wachekeshaji walikuwepo?" Nikamwambia walikuwepo, na mshindi wao nililala naye kitanda kimoja mpaka alipokufa, nenda kamuulize baba yako alitoka wapi. Wakadhani natania. Kumbe hakuna aliyewahi kuwaambia. Basi naandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima. Herufi zimelala kama mtama uliopigwa na upepo, lakini zinasomeka.

Babu yao alikuwa dereva wa lori la ushirika. Alipeleka alizeti na vitunguu Dar es Salaam, akirudi na chumvi, sabuni na maneno. Mdomo wake haukujua kupumzika. Aliiga karani wa mizani, aliiga padri, aliiga mbuzi aliyekwama kwenye boma. Huko Dar watu wa redio walimsikia akiwachekesha wapakuzi wa mizigo, wakamwita ajaribu. Akajaribu, hawakumwacha tena. Kila wiki akawa na dakika zake chache za kuchekesha, na humo akawa anamwigiza bibi mmoja wa kijiji cha ujamaa.

Bibi huyo kazi yake kulalamika. Amehamishwa kutoka kwake, amewekwa kwenye nyumba za mstari, zote zinafanana, na kuku wake kila jioni wanaingia kulala kwa jirani. Mayai wanatagia huko huko. Akimuuliza jirani, jirani anamjibu kwamba kijiji ni chetu sote. Bibi anakohoa, anavuta ugoro, anapiga chafya, anasema, "Haya, nyie wasomi, waelezeni basi kuku wangu!" Watu walikuwa wanaacha jembe shambani waende kumsikiliza.

Mwaka mmoja redio ikawaomba wasikilizaji watume kadi kumtaja mchekeshaji wanayempenda kuliko wote. Sisi tulikuwa tunaishi upande wa Mtinko, na redio ya kijiji ilikaa kwenye duka la kijiji, juu ya gunia la sukari. Siku ya matokeo duka lilijaa mpaka mwenye duka mwenyewe alibaki nje. Jina la mume wangu lilipotajwa, mwenyekiti alivua kofia akaitupa juu ya paa, na haikupatikana mpaka kesho yake. Wanawake walipiga vigelegele, wengine wakanibeba mimi, kama vile mimi ndiye niliyechekesha. Nami sikukataa kubebwa. Mume ni wangu, abebwe nani mwingine?

Kuanzia hapo sikuwa na jina. Nikienda kisimani, "Shikamoo, mke wa bibi!" Nikipepeta uwele, watoto wa shule wanapita wanakohoa kwa pamoja. Nilipokwenda Singida mjini kununua mafuta ya taa, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka alisikia wenzangu wakinitania, akatoka nyuma ya meza yake, akanishika mikono miwili.

"Mama, niambie ukweli," akasema. "Wale kuku walirudi nyumbani?"

"Bado, mama."

"Aibu! Mwambie bwana yako awarudishe. Mimi silali."

Nilirudi na debe langu la mafuta kichwani, shingo imenyooka kama ya twiga. Watu wa mjini, wenye duka, hawalali kwa sababu ya kuku wa mume wangu!

Sasa nieleze shida ilipokuwa. Kwetu sisi, mwanamume na mama mkwe wake ni kama moto na nyasi. Akimwona anakuja njiani, anaingia porini mpaka apite. Hali chakula mbele yake, hamtaji jina, na wakiwa na neno la kuambiana, linapita kwa mtu wa katikati. Na yule bibi wa redioni, kikohozi chake, chafya yake, ile namna ya kuvuta neno la mwisho kama mtu anayekokota ng'ombe, alikuwa mama yangu mzazi. Mimi nilimtambua wiki ya kwanza kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu alikuwa amemsikia kwa miaka, yeye amekaa nje ya ukuta, mama yuko ndani ananilalamikia mimi. Kumtazama hakuruhusiwa, basi masikio yakafanya kazi yote.

Wengine walichelewa kutambua. Lakini baada ya ule ushindi kila mtu akamsikiliza bibi kwa makini, na siku moja mnadani, mwanamke mmoja aliyetoka Mungaa, kwetu nilikozaliwa, akashika kiuno. "Jamani," akasema, "huyu bibi mbona namjua? Mbona ananidai ungo?"

Habari hiyo ilifika Mungaa kabla ya mwanamke mwenyewe. Haikupita muda, baba yangu mdogo akasimama mlangoni kwangu na fimbo. Baba alikuwa amekwisha kufa, na huyu mdogo wake ndiye aliyekuwa akimsemea mama kila mahali, awe ameombwa au hakuombwa.

"Shikamoo baba."

"Sikuja kwa shikamoo. Mumeo amemvaa mkwe wake kama koti, akatembea naye nchi nzima. Hilo ndilo mnalolipigia vigelegele?"

"Mama amesema nini?"

"Mama yako hajui, redio haisikilizi. Nani wa kumwambia? Mumeo akirudi, mje naye Mungaa. Atasimama mbele ya wazee. Na wewe ubebe vyombo vyako na watoto, maana hutarudi huku."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilikuwa na watoto watatu na wa nne tumboni, na mume ambaye nchi nzima ilikuwa imemchagua, nami nilimchagua kabla ya nchi. Halafu nirudi kwa baba mdogo nikamsongee ugali?

Mume wangu akarudi na zawadi yake ya ushindi. Ilikuwa redio, mpya, ina mkono wa kubebea. Nikamweleza yote. Hakucheka, na kwake hilo lilikuwa jambo la kutisha. Alifuta ile redio vumbi, akaifunga kwenye kitenge changu.

"Tunaipeleka kwa mama yako," akasema.

"Una wazimu? Humo ndimo anamotoka yule bibi!"

"Ndiyo. Nimepewa kwa sababu yake. Nikiiweka ndani mwangu nitakuwa nimeiba."

Tukapanda basi sisi na watoto, tukafika Mungaa mchana. Wazee walikuwa wamekwisha kaa, majirani wamekuja kuchota moto wasiouhitaji. Mama alikuwa ndani ya nyumba yake ya mstari. Mume wangu akakaa nje, mgongo kwenye ukuta, uso chini, kama inavyotakiwa. Mimi nikakaa mlangoni, katikati yao. Baba mdogo akakohoa ili aanze.

Mume wangu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie mama nimemletea kitu, na akisikilize kwanza. Baada ya hapo atakachosema yeye, mimi nakubali."

Ilikuwa saa ya kipindi. Michezo yao ilirekodiwa mapema, hivyo mtu aliweza kukaa nyumbani akajisikia mwenyewe. Nikaingiza redio ndani, nikamwambia mama imetokana na kadi za nchi nzima, nikaiweka juu ya kinu, nikaifungua. Yule bibi akaanza. Kuku wamepotea tena. Akakohoa, akapiga chafya, akawauliza wasomi wake.

Mama aliacha kuchambua mboga. Aliisogelea redio, akainamisha sikio. Nje hakuna aliyecheka, hata watoto. Mimi nilikuwa namtazama mama usoni, nikiwaza nikibakizwa hapa watoto nitawalaza wapi.

Kipindi kikaisha. Mama akasema kwa sauti ambayo ukuta haukuizuia:

"Mwambie huyo mwanaume. Mimi sikohoi kwanza halafu nikaongea. Mimi naongea, nakohoa katikati, wakidhani nimemaliza, ndipo natukana."

Jirani mmoja akacheka kwa puani. Baba mdogo akasimama.

"Shemeji, hujaelewa. Amekuaibisha! Amekuvua nguo mbele ya watu!"

"Nimeelewa vizuri kuliko wewe." Mama akatoka mpaka mlangoni, lakini akageuza uso pembeni, adabu ya mkwe hakuivunja. "Siku tulipohamishiwa hapa, nilisimama mkutanoni nikasema kuku wangu hawaijui hii nyumba. Nani aliniambia kaa chini mwanamke, mkutano huu si wa kuku?"

Baba mdogo akatazama fimbo yake.

"Nakuuliza, nani?"

"Ni mimi, shemeji."

"Basi. Wewe uliye ndugu hukunisikiliza hata dakika moja. Huyu ambaye haruhusiwi hata kuniona amenisikiliza mpaka chafya. Na nchi nzima imeandika kadi kwa ajili ya kuku wangu. Mimi! Nisiyejua kusoma!" Akapiga kifua, vumbi la ugoro likaruka. "Huyu binti anarudi kwake leo, na watoto wake. Na mtu asiniguse redio yangu."

Wazee wakaangua kicheko, kikaenda nyumba hadi nyumba mstari mzima. Mume wangu hakuinua uso, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia, na sikumuuliza.

Kabla hatujaondoka mama akaniita mlangoni. "Mwambie huyo mwanaume asirudi Dar mikono mitupu. Kuku watu wamewazoea sasa. Mimi nina mengine." Akaanza kuyasema, taratibu, mimi mlangoni, mume wangu nje ameinamisha kichwa, anasikiliza. Jambo la kwanza lilikuwa juu ya mwanamume mmoja mwenye fimbo, anayejibu maswali ambayo watu wengine wameulizwa. Baba mdogo alikuwa bado hajafika mbali, akageuka, akaificha fimbo nyuma ya mgongo.

Wiki chache baadaye bibi wa redioni akapata shemeji. Na safari hii alikohoa katikati.