Tope Lililokwisha Mlimani

Walimwita Mzee Tope, ingawa shati lake lilipigwa pasi hata siku za kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kupima udongo unaoporomoshwa na mvua. Chini ya mteremko palikuwa na mfereji wa saruji ulioingia kwenye pipa lililofungwa wavu mdomoni. Mvua ikikatika, huchota maji ya pipa, hujaza chupa, huiacha itulie, kisha huandika tope limefika wapi.

Zamani mteremko wote ulikuwa mahindi, na pipa lilijaa tope zito kama uji. Mashamba yalihamia bondeni kidogo kidogo, wenyewe wakiangalia. Ndipo wakulima wakapewa ardhi kwingine, mlima ukapandwa miti, na juu kukaachwa nyasi. Mwaka wa tatu tope lilipungua nusu. Mwaka wa nane likawa utando tu. Udongo ulibaki, watu ndio walioondoka. Majirani walihama na kuku wao, binti yake akaolewa mbali, mkewe akafariki. Msitu ni jambo jema, asikudanganye mtu, lakini haukuulizi umeamkaje.

Aliyebaki kumjia ni afisa wa udongo, msichana mcheshi aliyefuata chupa mara moja kwa mwezi.

“Mume wangu, hujambo?”

“Umechelewa, mke wangu. Nimeshapika mwenyewe.”

Walizungumza saa moja, na saa hiyo ilimtosha Mzee Tope mwezi mzima.

Safari iliyopita afisa alimwambia, “Babu, maji yakitoka safi tena, kituo tunafunga. Umeshinda!”

Mvua ilinyesha siku mbili. Maji aliyochota yalikuwa safi, vidole vyake vilionekana upande wa pili wa chupa. Alikaa nayo kizingitini asubuhi nzima. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika uongo. Kisha akaenda chini ya miti, akachota konzi ya udongo, akautia chupani na kutikisa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata mlangoni. Afisa aliinua chupa kwenye mwanga, akaacha kucheka.

“Babu, humu mna vipande vya majani.”

“Mvua ilikuwa kubwa, mjukuu wangu.”

“Majani hayapiti kwenye wavu wa pipa. Si uliufunga mwenyewe?”

Mzee Tope alitazama viatu vyake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

“Ukiandika maji safi,” alisema, “utarudi kufanya nini huku?”

Afisa alimwaga ile chupa, akaenda mwenyewe kuchota nyingine, akaandika alichokiona.

“Nitakuja kukusalimia, babu.”

“Njoo, mama.”

Mzee Tope alijua kwamba afisa ameahidi kwa moyo mweupe, na kwamba barabara ni mbaya na kazi zake ni nyingi. Pipa lilitakiwa kurudi ofisini. Halikubebeka na mtu mmoja, kwa hiyo mzee alishika upande wa pili, akamsaidia kulipakia garini.