Kadi ya Picha Iliyochelewesha Shetani

Nilirudi Mbale kutoka Nairobi na diploma ya elektroniki niliyojisomesha mwenyewe kwa kutengeneza redio za watu. Sioni sababu ya kuficha jambo hili: mwishoni mwa miaka ya tisini, waliojua kuifungua kompyuta, kuifunga tena na ikawaka hawakuwa wengi kati ya Jinja na Mbale. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikitaka chumba cha mbele cha kibanda kimoja cha video, upande wa viwandani, nifungue duka langu la kompyuta. Mwenye kibanda alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini, na sharti lake lilikuwa moja. Rafiki yake wa Jinja alikuwa amempa diski ya mchezo wa kutisha, wa nyumba yenye mashetani, na mafundi wote aliowaonyesha walimrudishia.

"Chezesha hii mbele ya watu wangu Jumamosi, chumba ni yako," aliniambia. "Ikikushinda, rudi hukohuko Nairobi."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilipofika nyumbani ndipo nikasoma boksi la diski. Mchezo ulitaka kadi ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha kwenye kioo, yenye kumbukumbu mara mbili ya yangu, na yangu ilikuwa kuukuu, ya bei ya chini hata ilipokuwa mpya.

Jumamosi mchana tukaziba madirisha kwa mablanketi. Kibanda kilijaa.

"Afande," nikasema, "shida inaweza kuwa kadi ya picha."

Akanyoosha mkono. "Toa niione."

"Iko ndani ya mashine, afande."

"Kadi yako ya picha unaweka ndani ya mashine? Askari akikusimamisha barabarani, unamwonyesha nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mkewe, aliyekuwa mlangoni akiuza njugu, akadakia: "Mwache bwana diploma. Kitambulisho chake kinakula umeme."

Nikashusha ubora wa picha hadi chini kabisa, nikaupunguza mchezo ukabaki dirisha dogo katikati ya kioo cheusi. Nikauwasha.

Ulikubali, lakini ulitembea kwa kukwama. Hatua, kimya, hatua. Nilikuwa nimeanza kutafuta la kujitetea nilipotambua kwamba hakuna anayetafuna njugu tena. Mwisho wa ujia wa ile nyumba kwenye kioo, mlango ulikuwa ukifunguka kwa vipande. Uso mweupe ukatokea nusu, ukaganda ukitutazama, na hakuna aliyejua utasogea lini. Nairobi, kwenye mashine zenye nguvu, niliwahi kuuona uso huohuo ukipita mbio, nisihisi chochote. Hapa, kadi ikihangaika kuuchora, nywele zilinisimama. Mimi ninayejua kwamba ndani mle hamna kitu ila namba, sikuthubutu kugusa kibodi.

Uso ukaruka mbele. Mabenchi yakaanguka. Afande, aliyewalinda wauaji miaka na miaka, alikuwa amening'ang'ania bega.

"Chumba ni yako," akasema, bila kuniachia. "Lakini hiyo shetani utalala nayo wewe."