Saa Ilihesabu Hatua za Nani?

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye mwili huu huu, hapa hapa Tabora, na sikuwa na homa wala usingizi. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kuwapima watu kwa futi, na sijawahi kumwongezea mtu hata nusu inchi. Kwa nini nije kuwaongezea nyinyi maneno?

Nianze na saa. Nilipimwa presha ikakutwa juu, daktari akaniambia nipunguze chumvi na nikimbie polepole asubuhi, ila mapigo ya moyo yasizidi mia na thelathini. Rukia, mwanangu wa pekee, ni muuguzi huko Dar. Akanitumia saa ya kukimbilia, ile yenye taa ndogo ya kijani kwa chini inayosoma mapigo kwenye ngozi, halafu namba zinakwenda zenyewe hadi kwenye simu yake. "Mama, nitakuwa nakuona kutoka huku huku," akaniambia. Nikamjibu haya, nichunge kama mbuzi.

Ile saa ilikuwa na uongo, niaminini. Siku ya kwanza nimekimbia mpaka kona ya msikiti, napumua vizuri, nasalimiana na watu, ikaniambia mia na sabini. Nikakaa chini barabarani nikapiga shahada! Rukia akapiga simu anacheka. "Mama, mkanda umelegea. Ukilegea, saa haiyaoni mapigo, inashika mtikisiko wa hatua. Hapo ilikuwa inahesabu miguu yako, siyo moyo."

Nikakaza mkanda. Siku nyingine nikaivisha kwenye kanga iliyoviringishwa, nijionee. Ikasoma themanini na mbili. Kanga! Tangu siku hiyo Rukia akipiga simu, salamu ya kwanza ni, "Shikamoo mama, kanga haijambo?" Nawaambia haya mjue kwamba sikuwa mtu wa kuiamini saa. Ndiyo maana nilichelewa kuogopa.

Sasa asubuhi yenyewe. Nilikuwa nimeshaswali, kumepambazuka, nikashika barabara ya Kwihara kama kawaida yangu. Kila mtu wa Tabora anajua kwamba huko ndiko ilikopita misafara ya zamani, na kwamba Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Lakini nani anawaza hayo saa kumi na mbili na nusu, baiskeli za mkaa zinapita na watu wanapigiana kengele? Asubuhi ile baiskeli hazikuwepo. Hilo nililikumbuka baadaye.

Nikasimama kukaza mkanda. Nimesimama kabisa, mguu haunyanyuki. Saa ikasema mia na kumi na mbili. Nikangoja ishuke. Haikushuka wala haikupanda. Moyo wa mtu hauko hivyo, moyo unapanda na kushuka hata ukiwa umetulia. Hii iling'ang'ania pale pale, kama cherehani inayokanyagwa na mtu aliyeizoea. Nikajisemea, ah, inahesabu hatua. Halafu mwili ukanisisimka. Hatua za nani?

Nikageuka. Mtu mzima alikuwa anakuja nyuma yangu, mwembamba, miguu mitupu, kaniki kiunoni, na begani kitu kirefu kilichofungwa kwa mkeka. Jasho linamtiririka na kulikuwa na baridi. Anakanyaga changarawe, na changarawe hailii.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekimbia, sivyo? Mimi nilimwamkia. "Shikamoo, baba." Hakusema marahaba. Alisimama tu akanitazama.

"Nimechoka, mwanangu."

"Pole, baba. Unatoka wapi?"

"Ujiji."

"Na unakwenda?"

"Pwani."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Kwa miguu, baba, na treni ipo?" 

Ndipo nikafanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Mimi nimelelewa na bibi, na kwa bibi hukuweza kumpita mtu mzima mwenye mzigo huku mikono yako mitupu, ungechapwa. Ulimi ukatangulia akili. "Lete nikupokee, japo mpaka pale mbele."

Macho yake yakajaa machozi ya furaha. Furaha ile ndiyo iliyonitisha kuliko yote. Akanitwisha bega la kushoto. Nyie! Uzito ule siwezi kuueleza. Na ulikuwa na joto, kama mtoto uliyembeba mgongoni akapitiwa na usingizi. "Ufikishe," akasema. Nilipiga hatua tano, sita, nikageuka kumwambia siuwezi. Barabara tupu. Nikapapasa begani, hakuna kitu. Lakini bega limeelemewa vile vile, na saa inasema mia na kumi na mbili. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima.

Saa nane mchana Rukia akapiga simu. "Mama, mbona unakimbia na jua hili?"

"Nimekaa, nashona."

"Huku naona mia na kumi na mbili tangu asubuhi." Akajijibu mwenyewe: "Ni saa tu hiyo. Kaza mkanda."

Nikaenda zahanati. Muuguzi akanishika mkono akahesabu kwa vidole, sabini na sita. "Saa yako mbovu, mama," akasema. Rukia akanitumia nyingine, ya aina tofauti kabisa. Kwenye kanga ikasoma themanini na mbili. Kwangu mimi, mia na kumi na mbili, nimekaa, nimelala, naswali. Na bega likaanza kushuka. Nilijipima mwenyewe mbele ya kioo. Mwezi wa kwanza bega la kushoto lilikuwa chini kwa nusu inchi, wa pili inchi nzima. Saa inaweza kudanganya, lakini futi ile ninayo mwaka wa ishirini. Nilijua nakwisha, na sikumwambia mtu.

Rukia akaja likizo. Sikujua kama treni imeshafika; mimi nilikuwa natoka sokoni na kikapu cha viazi. Akaniona tangu mlangoni, akanikimbilia anacheka, mikono mbele. "Mama, lete nikupokee!"

Nilipiga kelele hapana. Mkono wake ulikuwa umeshashika kikapu.

Bega langu likawa jepesi papo hapo. Nikaitazama saa: themanini na moja, sabini na tisa, themanini na tatu, inapanda na kushuka kama moyo wa binadamu. Na nitawaambia ukweli ambao sijamwambia hata yeye. Kwa pumzi moja nilifurahi. Moja tu, kisha nikaelewa, nikakaa chini pale pale kwenye viazi vilivyomwagika.

Likizo ikaisha akarudi, na niliposikia amefika Dar, nilijifariji. Si pwani hiyo? Si ndiko mzigo ulikokuwa unakwenda? Basi utatuliwa. Jioni akapiga simu. "Mama, na saa yangu niliyoiacha huku nayo imeugua ugonjwa wa yako. Mia na kumi na mbili tangu asubuhi!" Anacheka, mwanangu. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza kwa upole, ule upole wa wauguzi, akaniuliza kama nakunywa dawa zangu.

Mara mbili amekuja, mara mbili nimemsubiri stesheni. Nanyoosha mikono, namwambia lete nikupokee, mama. Anakumbatia begi lake kifuani. "Na presha yako hiyo? Mtoto gani anambebesha mama yake?" Nani aliyemfundisha adabu hiyo kama si mimi?

Kila siku najiuliza swali moja. Mzee alisema pwani, akasema ufikishe. Kwa nani? Sikumuuliza. Mwanangu anaweza kuzunguka Dar nzima na mzigo wa watu, na asijue mlango wa kubisha hodi.

Kwa hiyo nyinyi mnaonisikiliza, siwakatazi adabu. Wapokeeni watu mizigo. Lakini kwanza uliza ni wa nani na unatuliwa wapi, na usubiri jibu. Na mtu mzima ukimwamkia asiitikie, nakuomba, pita zako, hata kama bibi yako angekuchapa.

Rukia anaolewa. Wiki iliyopita alinitumia vipimo vya gauni, alivyopimwa na fundi wa huko. Bega la kushoto limeandikwa chini kwa inchi moja. "Huyo fundi kakosea, mama, mabega yaweke sawa tu," akasema. Nilikata kitambaa kama vipimo vilivyoandikwa, kwa sababu najua fundi hakukosea. Mwisho wa mwezi anakuja kulijaribu gauni. Nitakuwa stesheni kabla ya treni, na safari hii simwombi. Begi lile nitamnyang'anya.