Msusi anayejibu mtihani huku vidole vikisuka

Asubuhi bado changa, lakini saluni imeshaanza kunukia mafuta ya nywele na chai ya maziwa. Kwenye kiti kilicho mbele ya kioo ameketi mwalimu wa sekondari, nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu imesimama kama kichaka. Nyuma yake amesimama msusi ambaye wateja wanamwita Mama Mistari, kwa jinsi mistari yake inavyonyooka.

Mwalimu hakuja kusukwa tu. Ameshika karatasi, na anasoma kwa sauti, kwa Kiingereza, habari ya mfugaji wa nyuki aliyehamisha mizinga yake kukimbia kelele za barabara mpya. Akimaliza aya anauliza swali. Msusi anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye utosi wa mwenzake.

"Rudia hapo mwisho, mwalimu. Kuna neno limenipiga chenga."

"Lipi?"

"'Eventually.' Mimi hapo nasikia sherehe. Sasa nyuki wana sherehe gani?"

Mwalimu anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Si sherehe, dada. Ni 'hatimaye'."

"Tulia basi, utanipindishia mstari. Hatimaye. Hatimaye nyuki wakahama. Haya, endelea."

Hivi ndivyo anavyojiandaa kwa mtihani wa lugha. Mikono yake ina kazi tangu asubuhi hadi jioni na haiwezi kushika kitabu, kwa hiyo wateja humsomea. Muuza duka wa jirani husoma kwa kukwamakwama. Mwalimu husoma vizuri, ila hapendi jibu la kubahatisha. Wapo na wanaosoma huku wakisinzia, na msusi huwaamsha kwa ncha ya kitana.

Mtihani wenyewe hautafuti kwa ajili ya fahari. Mumewe anahudumia wazee katika nchi ya mbali yenye baridi. Aliondoka binti yao akiwa bado ananyonya. Sasa mtoto anaota jino la pili la utu uzima. Nchi ile inamruhusu mume kuwaita mke na mtoto, lakini mke lazima kwanza athibitishe kwamba anaelewa Kiingereza: msamiati, na ufahamu wa habari aliyosoma.

"Binti yangu alipokuwa mdogo alidhani baba ni jina la simu," anasema msusi. "Simu ya mtu yeyote ikilia alikuwa anasema, 'Baba huyo!' Watu walicheka. Mimi nilikuwa nacheka nao, halafu naenda kuosha mataulo."

Shule aliiacha mapema, na Kiingereza alichotoka nacho, kwa maneno yake, kilitosha kumsalimu mgeni na kumkimbia. Ada ya kufanya mtihani mara moja inakula kazi ya miezi miwili. Hata hivyo amejiandikisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alitoka kapa.

Kisa cha mara ya kwanza anakisimulia kama mzaha, ingawa bado kinamuuma. Kulikuwa na habari ya mkulima aliyeuguliwa na ng'ombe wake. Iliandikwa kwamba usiku kucha mkulima "hardly slept". Msusi alijua "hard" ni kitu kigumu, kitu cha nguvu. Akaelewa kwamba mkulima alilala kwa nguvu, yaani fofofo. Kumbe hakupata hata lepe la usingizi.

"Swali likauliza kwa nini asubuhi yake alikuwa amechoka. Nikawaza, mtu kalala fofofo, kaamkaje na uchovu? Nikachagua jibu la kitanda kibovu."

Lakini kilichomshangaza si mkulima. Kilichomshangaza ni kwamba nyumbani, katika mazoezi, alikuwa anafaulu karibu kila siku.

Msahihishaji wake alikuwa mama mkwe, mpishi mstaafu anayeishi naye na ambaye sasa hufua mataulo ya saluni. Jioni, baada ya kufunga, bibi huyo alikuwa anakaa na karatasi ya majibu mapajani, mkwewe akitaja herufi moja moja. Kwa kazi hiyo wateja wakambatiza Bibi Majibu. "Kizungu mimi sikijui," anasema mwenyewe, "lakini herufi nazijua."

Baada ya matokeo mabaya, mwalimu aliomba kuyaona mazoezi ya zamani. Aliyapitia akiwa amekaa chini ya mashine ya kukausha nywele, kisha akaizima.

"Bibi, hili la tano jibu ni C. Yeye kaandika A. Mbona umetia vema?"

Bibi aliendelea kukunja taulo. "Alikuwa amechoka."

"Kuchoka kunageuza A ikawa C?"

"Kwangu mimi kunageuza."

Muuza duka aliyekuwa akisubiri zamu yake akatupa neno: "Huyo hataki mjukuu aondoke. Mnazunguka mbuyu tu."

Msusi anasema alimaliza kichwa alichokuwa anakisuka, akakipaka mafuta, akamsindikiza mteja hadi mlangoni, ndipo akamgeukia mama mkwe.

"Mama, ni kweli?"

"Kweli ipi?"

"Kwamba hutaki tuende."

Bibi akachukua taulo jingine akalikunja. Siku hiyo walikula chakula kila mmoja upande wake, na kesho yake msusi akasusa hata chai.

Mwandishi wa habari hii alipomuuliza bibi kuhusu siku hiyo, hakukwepa. Alifuta mikono kwenye kanga, akakaa.

"Nilikuwa namwona amesimama tangu asubuhi, miguu imevimba. Halafu mimi, niliyeketi, nimwambie amekosa? Nikawa natia vema. Nilidhani nampa moyo." Akanyoosha pindo la kanga. "Lakini siwezi kuapa. Matokeo yalipokuja mabaya, moyo wangu ulifurahi. Kidogo tu. Kisha ukaona haya, kwa sababu aliyeko kule peke yake naye ni mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa."

Hayohayo alimwambia mkwewe asubuhi ya pili, wakiwa wanaanika mataulo. Msusi alipokea taulo lililobaki, wakalikamua pamoja, mmoja huku na mwingine kule.

Tangu hapo Bibi Majibu alikuwa mkali kama pilipili. Herufi ikikosewa, ilikatwa. Msusi akinung'unika kwamba majibu mawili yanafanana, bibi alikuwa anamwambia, "Mimi sielewi, kwa hiyo usinishawishi."

Kulikuwa na kosa jingine la kurekebisha. Kwa kusomewa, msusi alikuwa amefundisha masikio tu. Ndani ya chumba cha mtihani, ambako hata nzi akipita unamsikia, macho yake yalikuwa yanarudi mstari uleule kama mtu aliyepotea njia. Kwa hiyo alianza kubandika habari za kusoma kwenye kioo. Mteja aliyetaka kujitazama alilazimika kuchungulia kati ya karatasi mbili, huku msusi akisoma kimya na kusuka.

"Walilalamika?" mwandishi anauliza.

"Mmoja. Nikamwambia asubiri, uzuri wake uko ukurasa wa pili."

Siku ya mtihani wa mara ya pili, wiki kadhaa baada ya asubuhi ile ya nyuki, alikwenda na nywele zake timtim. Kinyozi hajinyoi, na msusi naye alikuwa hajapata wa kumsuka. Habari ya kwanza ilikuwa ya jengo la zamani lililogeuzwa maktaba, na ilikuwa na maneno mengi mageni. Akakwama. Bila kujua, vidole vikapanda kisogoni vikaanza kusuka.

Msimamizi akaja. Akasimama kando yake, akamuuliza kwa Kiingereza ameficha nini kwenye nywele.

"Chumba kizima kiligeuka. Nikasema basi, nafukuzwa, na ada yangu imekwenda na maji. Nikamjibu kwamba hakuna kitu, mimi ni msusi, nasuka ili nifikiri. Akaniambia nifumue. Nikafumua mbele ya watu. Akaangalia, hakuona kitu. Akasema naweza kuendelea, lakini mikono ibaki juu ya meza."

Baadaye sana, akiwa njiani kurudi, ndipo alipogundua kwamba mazungumzo yote yale yalikuwa kwa Kiingereza na hakuhitaji kurudiwa hata neno moja. Wakati ule aliwaza mikono tu. Ataelewaje bila vidole?

"Nikatumia vya miguu," anasema, na kuonyesha jinsi alivyovikunja na kuvikunjua ndani ya viatu. "Nilisuka mistari humo ndani mpaka kengele ikalia. Maktaba yao nikaielewa yote."

Majibu yalikuja siku ya kawaida, saluni ikiwa imejaa. Amefaulu. Si kwa kishindo, lakini amefaulu. Mumewe alipopigiwa simu alisikika akipenga kamasi.

Sasa wanasubiri tarehe ya safari. Bibi hatakwenda, anasema baridi ya kule ataiona kwenye picha. Saluni ataisimamia yeye, pamoja na msusi mwingine atakayeajiriwa. Mjukuu ameahidi kupiga simu kila wiki, na bibi amemjibu kwamba atazipokea hizo za kila wiki, na za katikati ya wiki pia.

Mpango wa msusi huko aendako ni kutafuta kiti katika saluni ya mtu, kisha, Mungu akijalia, kufungua yake. Hapo ndipo alipogundua upungufu ambao mtihani haukuuona. Amejifunza habari za nyuki, maktaba na ng'ombe wagonjwa. Hajajifunza kumuuliza mteja kama anamvuta nywele sana.

Ndiyo maana mchana huu, wateja wakiwa wamepungua, amemkalisha mama mkwe kwenye kiti na kuanza kumsuka. Mvi za bibi ni laini na zinateleza. Msusi anagawa mstari wa kwanza, anauvuta, kisha anainama kuangalia uso wa bibi kwenye kioo.

"Does it hurt?" anauliza.

"Umesemaje?"

"Nakuuliza, Mama, unaumia?"

Bibi anatazama mbele. Vidole vya mkwewe vinasimama juu ya kichwa chake, vikisubiri.

"Kaza tu, mwanangu," anasema. "Kaza."