Mwisho wa Kitabu Ulikuwa kwa Fundi wa Nguo

Kitabu chenyewe kilitoka Mombasa. Dereva mmoja wa trela alikisahau Bwera, kwenye kibanda cha chai alipokuwa akingoja karatasi za mpaka wa Kongo, na fundi wetu wa nguo akakiokota kabla mama wa chai hajakiwashia moto. Mimi wakati huo nilikuwa nikipeleka chumvi ya ziwani Kabatoro kwa lori hadi Bwera. Chumvi ile inakula chuma, nawaambia. Sakafu ya lori langu ilikuwa na matobo ya kuonea barabara. Lakini nilikuwa nasema habari ya kitabu.

Ilikuwa hadithi ya wasomi wawili, mwanamume na mwanamke, wanaotafuta maandiko ya kale yaliyoandikwa kwenye ngozi ya mbuzi. Chama cha siri kinayalinda. Msomi akiyakaribia anakutwa amekufa kwa sumu, na mkuu wa chama hajulikani, anaitwa Mlinzi tu. Tulikitaka watu watatu na hakuna aliyekubali kungoja. Basi fundi akachukua mkasi wake, akakigawa kitabu vipande vitatu, akashona kila kipande kwa uzi wa magunia. Mimi nikapata cha kwanza, mkatekista jirani yangu cha pili, fundi akabaki na cha mwisho, akaapa hatakifungua mpaka zamu yake ifike.

Nilimsomea mke wangu nyumbani Bulembia, yeye akimenya maharage. Shule niliishia darasa la tatu, nasoma kwa kidole. Alikuwa akinikatiza, "Rudia hapo," nami narudia. Wiki hii tunakisia Mlinzi ni dereva wa profesa, wiki ijayo ni mtawa wa maktaba. Nikichoka ananicheka: "Baba watoto, unasoma polepole kama mtu anayeficha kitu."

Hata askari wa kizuizi cha njia ya Bwera alizikuta zile karatasi zisizo na jalada chini ya kiti changu, akafungua mahali pa kiapo cha chama, akaniuliza niko chama gani. Nikamwambia, afande, chama iko ndani ya hadithi. Akasoma amesimama, magari yamepanga foleni nyuma yangu, mwisho akanirudishia akitaka nikijua Mlinzi ni nani nimwambie nikipita.

Tulipomaliza kipande cha pili, mpaka ukafungwa kwa sababu ya ugonjwa. Fundi alikuwa akilala upande wa Kongo, na kipande cha mwisho kilikuwa kwake. Miezi ikapita. Katika miezi hiyo mke wangu akaanza kuvimba miguu, kisha pumzi ikawa fupi. Daktari akatuambia ni moyo, wala hakutuficha. Watoto walimwuliza anataka nini, wakidhani atasema nyama au soda. Akasema anataka kumjua Mlinzi kabla hajaondoka. Wengine waliona haya. Mimi nilimwelewa.

Mpaka ulipofunguliwa nilifika Bwera asubuhi ile ile. Fundi alikuwa amekwisha kaa kwenye cherehani yake. Aliponiona akaweka kitambaa chini.

"Muzee, kitabu iko," akasema. "Lakini sasa iko shingo na mikono."

Sikuelewa mpaka aliponionyesha. Alikosa karatasi ya kukatia nguo kule kwake, akazibandika kurasa kwa gundi ya muhogo, akachora umbo la blauzi juu yake, akakata. Kiapo chake cha kutosoma alikuwa amekishika vizuri sana. Nilitaka kumtukana, nikaona macho yake, nikazikunja karatasi nikaondoka.

Tukazitandaza kitandani, mimi na mke wangu, kama wale wasomi na ngozi yao ya mbuzi. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mgongo. Nilisoma nikifuata bega. Msomi wa kike anaingia pangoni, taa inatetemeka, Mlinzi anavua kofia yake, anafungua mdomo, anasema, "Ni mimi." Halafu shingo. Tundu la mviringo, na chini ya tundu yule mwanamke analia na kusema, "Na chai yangu ulikuwa ukiionja wewe kwanza."

Mke wangu akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo.

"Nimemjua," akasema.

"Ni nani?"

"Chama ni cha siri, baba watoto. Soma tena, utamjua."

Nilimbembeleza siku tisa. Nilimtajia dereva, nikamtajia mtawa, nikamtajia hata profesa aliyezikwa kwenye kipande cha kwanza, naye anatabasamu tu, amefurahi kama msichana. Siku ya kumi hakuamka.

Mkatekista anashikilia ni dereva. Fundi anasema kile kiduara cha shingo alikifagia. Askari wa kizuizi alihamishwa, sikumwona tena. Blauzi yenyewe ya karatasi bado nimeiviringisha juu ya kabati, na mara nyingine mchana naishusha, naitandaza kitandani upande wa mke wangu, naweka kidole. Nikifika kwenye tundu narudia, maana najua hapo angesema rudia. Bado nasoma polepole.