Kobe Aliyetembea na Ukoo Wake

Fundi Brashi hakuimaliza shule. Shule ndiyo iliyommaliza yeye. Lakini nusu ya mabango ya mji ameyaandika kwa mkono wake, na ukibisha atakushika bega akupeleke ukayaone. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango, brashi zikakaukia koponi. Binti yake akamwachia kompyuta na kumfundisha Python, lugha ya kuiamrisha. Haukupita muda, Brashi akajitapa kwa muuguzi wa zahanati ya watoto:

"Nitakuchorea kobe anayetembea. Mtoto akimtazama, sindano haioni."

"Mlete leo mchana," muuguzi akasema. "Akitembea vizuri, skrini zote za hapa ni kazi yako."

Asubuhi hiyo kobe akatembea, naam, ila kila hatua alimwacha mwenzake nyuma. Kufika katikati ya skrini, foleni nzima. Brashi akapunguza mwendo, foleni ikabanana. Akageuza alama ya jumlisha kuwa ya toa. Foleni ikarudi kinyumenyume. Usicheke, wewe hata huyo mmoja usingemweza.

"Baba Watoto," mkewe akasema huku akipiga pasi, "uliagizwa kobe au ukoo wake?"

"Hesabu ya mwendo ndiyo mbovu."

"Mwendo mbona mzuri? Wa zamani humfuti, ndiyo maana."

"Nifute? Mimi nikishapaka, nimepaka. Anayefuta ni mwanafunzi."

"Haya, mwalimu."

Brashi akayasoma tena maagizo yake kuanzia juu. Amri ya kupaka rangi ya nyuma alikuwa ameiweka juu kabisa, ifanyike mara moja tu, kama ukutani. Chini yake kobe akichorwa upya, tena na tena, na wa kwanza bado yupo. Akaishusha amri ile ndani ya kitanzi, kule kwenye maagizo yanayorudiwa: paka kwanza, wa zamani afunikwe, ndipo uchore. Kobe mmoja akavuka, peke yake, kwa maringo.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa nakupima."

"Vaa viatu, mpimaji. Mchana umefika."

Zahanatini, mtoto aliyekunjwa mkono wa shati alimfuata kobe kwa macho hadi ukingoni. Sindano ikaingia, ikatoka. Mtoto akakunja uso tu.

"Ameenda wapi?"

Brashi akakuna kidevu. Safari ya kurudi hakuiandika.

"Kwao. Hata kobe ana kwao."

"Atarudi?"

Muuguzi akamtazama Brashi, akatabasamu. "Atarudi. Fundi wake anaanza kazi kesho."